Nataka kununua gitaa kwa jasho langu, lakini kila shilingi ninayopata inapotea

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni kijana wa kiume mwenye umri wa miaka 16. Ninasoma kidato cha tatu katika shule ya kutwa mjini Morogoro, na ninaishi na wazazi wangu pamoja na wadogo zangu wawili. Baba ni fundi seremala, na mama ana genge la mboga na matunda mbele ya nyumba yetu. Hatulali na njaa, lakini kila kinachopatikana nyumbani kinakuwa na kazi yake kabla hakijafika mkononi, na ndiyo maana sijawahi kuwaomba wazazi wangu fedha kwa ajili ya jambo lisilo la lazima.

Jambo lenyewe ni gitaa. Nilianza kujifunza nikiwa kidato cha kwanza, baada ya kujiunga na kwaya, na hadi leo mwalimu wa kwaya huniruhusu kulitumia gitaa la kanisa kwa saa moja kila Jumatano na Jumamosi alasiri. Siku nyingine hufanya mazoezi ya vidole usiku juu ya kipande cha mbao nilichokichora mistari sita kwa penseli, ili mkono wa kushoto usisahau mahali pake. Kuna fundi wa vyombo vya muziki anayeuza gitaa kavu lililotumika kwa shilingi 180,000, na tangu nilipoliona sifikirii kitu kingine.

Nimejaribu kutafuta fedha kwa njia nyingi na zote zimenivunja moyo. Mwaka jana nilidunduliza nauli kwa kutembea kwa miguu kutoka shuleni. Rafiki yangu akanishawishi tubeti mpira kwa kutumia simu ya kaka yake, nikapoteza 12,000. Baadaye nikaona tangazo la kazi za mtandaoni, nikatakiwa kulipa 15,000 za usajili, na nilipotuma tu, namba ile haikupatikana tena. Likizo ya Desemba niliosha magari kwa siku 12, kuanzia asubuhi hadi saa 3 usiku. Tuliahidiana 3,000 kwa siku, lakini mwenye eneo alinipa 20,000 tu na kila nikimfuata ananiambia nirudi kesho.

Hizo 20,000, pamoja na 20,000 nyingine nilizopewa na mjomba wakati wa Krismasi, nilimpa mama anitunzie. Mwezi huu mdogo wangu aliugua, fedha zikatumika hospitalini. Sijamuuliza mama na yeye hajasema neno. Ninafurahi kwamba mdogo wangu amepona, lakini usiku roho inaniuma na ninajiona mbaya kwa kuumia. Baba naye husema gitaa ni uhuni na kwamba kijana mwenye muda wa kutafuta hela ya muziki ana muda wa kusoma. Darasani nashika nafasi za kati, ila Hisabati ninaiweza vizuri.

Nyuma ya nyumba yetu kuna eneo la kama mita 6 kwa 5 lililoota majani, na mama ameniambia naweza kulitumia nikitaka, lakini sijui nifanye nini. Naomba unishauri ni kazi gani ninayoweza kufanya bila kuharibu masomo, nizungumze vipi na mama, na kama ni kosa kwangu kutaka kitu hiki wakati nyumbani kuna mahitaji mengi.

Ni mimi,
Mpenda Gitaa, Morogoro

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na sehemu iliyonishika zaidi si ile ya fedha zilizopotea bali ni ile ya kipande cha mbao chenye mistari sita. Kijana anayekaa usiku akizoeza vidole vyake juu ya mbao isiyotoa sauti, baada ya kumaliza kazi za shule, hajakurupuka na wala haigi wenzake. Kwa hiyo swali lako la mwisho nalijibu mwanzo: si kosa hata kidogo kutaka gitaa, na si ubinafsi kutafuta njia halali ya kulilipia mwenyewe, hasa kwa kuwa umeona hali ya nyumbani na hukutaka kuwaongezea wazazi mzigo. Uchungu unaousikia kuhusu zile 40,000 nao si ubaya wa moyo. Mtu anaweza kushukuru kwa uzima wa mdogo wake na papo hapo akahuzunikia jasho lake, na hisia hizo mbili zikakaa kifuani mwake bila moja kuibatilisha nyingine.

Nilifundisha utunzaji wa hesabu kwa miaka mingi, kwa hiyo utanisamehe nikianza na hesabu. Wewe unasema unahitaji 180,000, lakini hiyo ni bei ya kulichukua gitaa dukani, haijawa bei ya kulipiga. Nyuzi hukatika na huchakaa, mfuko wa kulibebea unahitajika kwa sababu vumbi na jua huliharibu, na gitaa lililotumika mara nyingi hudai matengenezo madogo mwezi wa kwanza tu. Kabla hujatoa shilingi, mwombe mwalimu wako wa kwaya mwende naye kulitazama: aangalie kama shingo imepinda, kama nyuzi zimeinuka mno kutoka kwenye ubao wa vidole kiasi cha kuumiza mkono, na kama tumbo la gitaa lina ufa. Ukilinunua likiwa na shingo iliyopinda utakuwa umenunua kazi nyingine ya kutafuta fedha. Wala usikubali kumwachia fundi huyo malipo ya awali kwa maneno matupu. Kwa sheria yetu mtu aliye chini ya miaka 18 hana uwezo kamili wa kuingia mkataba, kwa hiyo kama mtakubaliana kulipa kidogo kidogo, mzazi wako awepo na kila malipo yaandikiwe risiti.

Sasa nizungumzie yale yaliyokuumiza, maana nisipoyagusa utayarudia kwa sura nyingine. Kubeti kumekatazwa kisheria kwa aliye chini ya miaka 18, na ndiyo sababu mlilazimika kutumia simu ya mtu mzima. Lakini hata katazo lingekuwa halipo, hesabu yake ingebaki ileile, kwa sababu mchezo huo umepangwa ili kwa jumla wachezaji watoe zaidi ya wanachopata, na mwenye mtaji mdogo ndiye anayeishiwa mapema. Kuhusu lile tangazo la mtandaoni, shika kipimo kimoja ambacho hakijawahi kuniangusha: kazi ya kweli inamlipa mfanyakazi, haimtozi kiingilio. Nakuongezea jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi, kwamba hata majukwaa halali ya kimataifa yana masharti ya umri. Mfumo wa Google unaowalipa watu wa YouTube kutokana na matangazo humtaka mwenye akaunti awe ametimiza miaka 18, na Upwork, ambako watu hutafuta kazi za kufanya kwa kompyuta, pia huweka sharti la miaka 18. Atakayekuambia kwamba wewe mwenye miaka 16 utalipwa huko wiki ijayo kwa jina lako, anakudanganya.

Suala la kuosha magari ni zito zaidi, na hapo hukukosea wewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na inaruhusu aliyefikia umri huo kufanya kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya na makuzi yake wala kumzuia kuhudhuria shule. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema hivyo hivyo, inakataza kumtumikisha mtoto usiku kati ya saa 2 na saa 12 asubuhi, na inataka mtoto anayefanya kazi halali alipwe ujira unaolingana na thamani ya kazi yake. Ulikuwa ukifanya kazi hadi saa 3 usiku, na kwa siku 12 ulistahili 36,000, kwa hiyo mtu huyo bado ana 16,000 zako. Usimfuate tena peke yako. Mweleze baba yako, mwende wote wawili mchana, kwa heshima, mkiwa mmeandika tarehe ulizofanya kazi. Asiposikia, mwenyekiti wa mtaa wenu ana uwezo wa kuwaita mkazungumza, na afisa ustawi wa jamii anaweza kuwaelekeza hatua inayofuata. Kama mahali popote pa kazi mtu atakupiga, atakutukana au atakudai jambo la aibu, piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Naandika haya nikijua kwamba wavulana huambiwa wavumilie, na kwamba uvumilivu huo umewafikisha wengine pabaya.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Vijana wanapofikiria kutafuta fedha huangalia mbali: mjini, stendi, mtandaoni, kwa mtu mkubwa mwenye mradi. Mimi nakuomba uangalie umbali wa hatua 20 kutoka kitandani kwako, kwa sababu barua yako imetaja mteja bila wewe kujua kwamba umemtaja. Mama yako ana genge. Kila asubuhi ananunua mchicha kwa mtu mwingine, na wewe una ardhi.

Eneo la mita 6 kwa 5 linatosha matuta manne yenye upana wa mita moja na urefu wa mita 5, na njia za kupita katikati. Mchicha hukomaa upesi, ukihudumiwa vizuri huwa tayari kung'olewa baada ya wiki tatu hadi nne, na hiyo ndiyo siri ya mpango ninaokupa: usipande matuta yote siku moja. Panda tuta moja kila wiki, ili kuanzia mwezi wa pili uwe na tuta moja la kuvuna kila wiki, na linapovunwa lipandwe upya. Ukipanda yote kwa pamoja utavuna mchicha mwingi kuliko genge linavyoweza kuuza, nusu yake itanyauka, na kisha utakaa wiki nne bila kitu.

Lima udongo hadi uwe laini, changanya na samadi iliyooza vizuri, kwa maana samadi mbichi ya kuku huunguza miche. Mbegu za mchicha ni ndogo kama punje za mchanga, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuzisia kwenye mistari, vinginevyo zitarundikana mahali pamoja. Zifunike kwa udongo mwembamba na nyasi kavu, mwagilia, na mara uonapo vichwa vyekundu na vya kijani vikichungulia, ondoa nyasi zile bila kuchelewa, la sivyo miche itarefuka na kulegea. Baada ya hapo ni maji asubuhi na jioni, kupunguza miche iliyobanana, na kung'oa magugu. Maji ambayo mama hutumia kuoshea mboga za genge yasimwagwe barabarani. Kazi hii yote, ukishamaliza kutengeneza matuta, haitakuchukua zaidi ya nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Vuna alfajiri kabla jua halijapanda, funga mafungu, yafike gengeni yakiwa bado na umande.

Muulize mama ananunua fungu kwa bei gani kwa jumla, nawe umuuzie kwa bei hiyo hiyo, si zaidi. Tuchukulie kwamba ni 200. Tuta moja nalihesabia mafungu 20, ambayo ni makadirio ya mtu mwangalifu, na hiyo ni 4,000 kwa wiki, yaani 16,000 kwa mwezi. Toa 3,000 za mbegu na mchango wako kwenye bili ya maji, zinabaki 13,000. Sitaki ujidanganye kwamba kila mwezi utafanana. Masika ikianza Machi mchicha huota kila uani, bei hushuka, na mvua kubwa huweza kuozesha mizizi, kwa hiyo inua matuta yako juu na uwe tayari kupata hata nusu ya kiasi hicho hadi Mei. Kiangazi kikiingia, wanaotegemea mvua huacha, na mwenye maji ya uhakika ndiye huuza. Miezi hiyo itafidia ile.

Kazi ya pili imo ndani ya sentensi uliyoiandika kana kwamba haina uzito, kwamba Hisabati unaiweza vizuri. Karibu na kwenu lazima wapo watoto wa darasa la tatu na la nne wanaohangaika na kugawanya na sehemu. Waambie wazazi wao kwamba kila Jumamosi asubuhi utawafundisha watoto wasiozidi watano kwa saa mbili, barazani kwenu, mahali ambapo kila mtu anapita na kuona, kwa 500 kila mtoto kwa kila kipindi. Wakifika wote watano, hiyo ni 2,500 kwa Jumamosi na 10,000 kwa mwezi. Usipokee mtoto wa sita, kwa sababu watano unaweza kuwatazama madaftari mmoja mmoja na hilo ndilo mzazi analolilipia. Nakuhakikishia pia, kwa miaka niliyokaa mbele ya ubao, kwamba mtu anayemweleza mtoto mdogo sehemu hadi akaelewa, yeye mwenyewe hazisahau tena. Alasiri utakuwa huru kwenda kwenye gitaa la kanisa.

Zote mbili zinakupa 23,000 kwa mwezi mzuri. Itazame namba hiyo karibu na zile 27,000 zilizokwenda kwenye kubeti na kwenye usajili wa uongo, utaona kwamba ulilipa zaidi ya mwezi mzima wa kulima na kufundisha. Sisemi ili kukuumiza. Nasema ili namba ikukumbushe siku rafiki yako atakapokuja tena na simu ya kaka yake.

Utajiuliza kwa nini sikushauri upige gitaa ulipwe, kwenye harusi au na bendi za mitaani. Sababu ya kwanza ni kwamba shughuli hizo ni za usiku, na usiku, kama nilivyokwisha kueleza, si wakati wako wa kazi. Sababu ya pili ni rai yangu binafsi, nawe una uhuru wa kuikataa: kitu unachokipenda kikianza kukudai kipato kabla hujakomaa ndani yake, utajifunza tu zile nyimbo zinazolipwa na mkono wako utakwama hapo. Acha mchicha ulipie gitaa, na gitaa liwe huru hadi utakapokuwa mtu mzima wa kuamua.

Sasa mama. Hapa naomba uende taratibu, kwa sababu jambo hili lina mapenzi pande zote mbili. Mama yako hajasema neno, na mimi sidhani kwamba amesahau. Mzazi anayetumia fedha ya mtoto wake kumpeleka mtoto mwingine hospitali huwa anajua hadi shilingi ya mwisho, na ukimya wake mara nyingi ni wa kukosa cha kurudisha. Usimsubiri aanze, na usimwendee asubuhi wakati wateja wamesimama. Ngoja jioni, genge limefungwa, mkiwa mnaosha sinia na kupanga nyanya zilizobaki, umwambie maneno yanayofanana na haya: "Mama, zile hela nilizokupa nimefurahi zimemsaidia mdogo wangu, sizidai. Ila nataka kuanza tena, naomba tukubaliane namna ya kutunza zitakazokuja." Ukiweza kusema kwamba huzidai, na ukamaanisha, utakuwa umemtua mzigo. Kama kweli huwezi kuziachilia zote, hilo nalo ni halali, basi sema kwamba ungeshukuru zikirudi kidogo kidogo, kwa mfano kwa mama kukupa mbegu na kulipa maji kwa miezi michache.

Kisha mpe pendekezo lenye namba. Katika 23,000, toa 5,000 kila mwezi kwa ajili ya nyumba, zikiwa mkononi mwa mama, azitumie anavyoona. Zinazobaki, 18,000, ziwe za gitaa, na ombi lako liwe kwamba hizo zisiguswe bila ninyi wawili kuzungumza. Ukizidisha 18,000 kwa miezi 10 utapata 180,000 kamili. Ninajua wapo wasomaji watakaoona kwamba mtoto asitozwe chochote, na wengine watakaoona kwamba kila anachopata mtoto ni cha nyumba. Mimi nimeona familia nyingi, na mahali ambapo hakuna kiwango kilichotajwa, mtoto huanza kuficha na mzazi huanza kushuku. Kiwango kidogo kinachojulikana kinakupa sauti ya kusema kwamba sehemu ya nyumba umeitoa.

Kila mwisho wa mwezi, 18,000 hizo zitoke nyumbani ziende benki. Zipo benki hapa nchini zenye akaunti maalumu za watoto na vijana walio chini ya miaka 18, ambazo mzazi hufungua pamoja na mtoto, kwa hiyo nendeni matawi mawili au matatu mkaulize makato na kiwango cha chini kabla ya kuchagua. Fedha iliyoko benki haimzuii mama kuitumia mtoto akiugua, lakini inampa nafasi ya kukueleza kwanza. Nunua pia daftari la kurasa 40, uchore safu tatu: tarehe, kilichoingia, kilichotoka. Andika hata 200 ya fungu moja. Daftari hilo mama awe huru kulifungua wakati wowote.

Baba ndiye nimemwacha mwisho, kwa sababu ninamwona karibu nawe kuliko unavyodhani. Neno "uhuni" linakuumiza, na si la haki kwa mtoto anayepiga gitaa kwaya ya kanisani, tena katika mji uliomtoa Mbaraka Mwinshehe, ambaye gitaa lake akiwa na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano lilisikika Afrika Mashariki nzima hadi alipofariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979. Lakini usiende kumbishia baba kwa jina hilo. Yeye haogopi nyuzi sita, anaogopa mtihani wako wa kidato cha nne wa mwakani, na hofu hiyo hujibiwa kwa matokeo. Mwahidi kwamba nafasi yako darasani ikishuka muhula huu, tuisheni ya Jumamosi itasimama hadi ipande, na kwamba ukiingia kidato cha nne utabaki na matuta mawili tu. Uitimize ahadi hiyo hata kama yeye ataisahau.

Halafu nikuulize: kile kipande cha mbao ulichokichora mistari sita ulikitoa wapi? Bila shaka kilitoka kwenye mabaki ya karakana yake. Kichukue umwonyeshe. Mweleze kidole kipi kinakaa wapi, bila kumwomba chochote kuhusu gitaa. Baada ya hapo mwombe akutengenezee kibubu kwa mbao za mabaki, chenye mfuniko uliopigiliwa misumari na tundu la kupitisha noti iliyokunjwa mara mbili, ambacho mtakuwa mkikifungua pamoja kila mwisho wa mwezi kabla ya kwenda benki. Akikuuliza ni cha nini, mwambie ukweli. Likizo ya Juni ikifika, muulize kama ana viti au vigoda vya kupiga msasa kwa mkono, kwa malipo mtakayokubaliana kwa kila kimoja, ukiwa umefunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi na ukikaa mbali na mashine za kukata na kuranda. Mtu anayejua mbao ndiye pia atakayeweza kukuambia kama shingo ya gitaa lile imepinda, na ningefurahi sana siku mtakayokwenda kwa yule fundi mkiwa watatu, wewe, yeye na mwalimu wa kwaya.

Jumamosi hii pima eneo lako kwa kamba, fyeka majani, na uulize bei ya mbegu. Mchicha wa tuta la kwanza ukishang'olewa, niandikie uniambie yalipatikana mafungu mangapi na mama alikupa bei gani, ili tuifanye upya hesabu hii kwa namba zako mwenyewe.